Tuma na ya kutolea

Kikundi: MATIBABU YA MAMA 🙏

*Alhamisi*

Dada Zainabu, 20:06
Asalaam aleikum ndugu zangu. Tumerudi salama kutoka hospitali ya saratani Ocean Road. Leo mionzi ya 9. Zimebaki 16, ndipo waanze ile ya ndani. Mama kanywa uji nusu kikombe, sasa kalala.

Bamdogo Masasi, 20:09
Waaleikum salaam. Alhamdulillah. Mpe pole shemeji.

Shangazi, 20:11
Mwambie wifi namuombea kila magharibi. Ile rangi waliyomchora bado ipo?

Dada Zainabu, 20:13
Ipo shangazi. Mistari ya wino kwenye kiuno, ndiyo inayoonyesha mashine ipige wapi. Wiki ya kwanza aligoma kabisa kuoga akihofia itafutika. Sasa namwogesha mimi kwa maji matupu, hapo kwenye mistari sipitishi sabuni wala poda. Ananiambia "nimekuwa gunia la korosho, nimepigwa chapa." 😂

Sele, 20:14
😂😂 mama huyo

Dada Zainabu, 20:20
Sasa mahesabu, msinichoke.
Mjomba 100,000
Mimi na baba Shadya 100,000
Bamdogo 50,000
Rukia 30,000
Shangazi 20,000
Sele 10,000
Jumla 310,000.
Imetumika: bajaji siku 8 = 240,000. Daladala siku moja 3,000. Vipimo vya damu na dawa 62,000. Jumla 305,000.
Mkononi imebaki elfu tano. Kesho Ijumaa kuna mionzi.

Dada Zainabu, 20:21
Na tafadhali anayetuma atume na ya kutolea. Ukituma elfu ishirini kavu, nikitoa haifiki ishirini.

Mjomba Newala, 20:31
Elfu thelathini kwa siku ni bajaji au ndege? Mbagala daladala zimekwisha?

Dada Zainabu, 20:38
Shikamoo mjomba. Daladala zipo. Jumatatu hii bajaji wetu alipata pancha, tukapanda. Kwenda tulipata siti. Kurudi mama kasimama kashika bomba, foleni imelala, na mionzi hii inaharibu tumbo, anaharisha. Akaninong'oneza "Zai, nishushe popote." Nikamshusha. Tukajisitiri nyuma ya kibanda cha chipsi nimemzungushia khanga yangu, watu wanapita. Yule mwenye kibanda akatuletea ndoo ya maji bila kuuliza kitu. Mjomba, sirudii.

Mjomba Newala, 20:44
Marahaba. Nimenyamaza.

Bamdogo Masasi, 20:47
Na ile bima ya kaya ya elfu thelathini? Si tulimlipia?

Binamu Rukia, 20:50
Hiyo bima ya CHF inaishia hospitali ya mkoa Bamdogo, huko juu haifiki. Njia iliyopo ni ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, wanasikiliza wasio na uwezo wapate msamaha. Ila wanataka barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri. Nilisema tangu mwezi uliopita.

Dada Zainabu, 20:51
Barua ninayo kwenye simu, mjomba aliipiga picha. Muhuri unaonekana kama doa la chai. Wamesema tulete ya karatasi.

Mjomba Newala, 20:55
Mtendaji kesho yupo. Nitakwenda mapema.

Mjomba Newala, 21:02
Na nina jambo jingine. Kuna kijana hapa anatoa fedha taslimu leo hii. Anachukua korosho za dada zikiwa mtini, msimu ukifika tunampimia. Milioni moja anaweka mezani. Shida imekwisha.

Bamdogo Masasi, 21:03
Hiyo si kangomba hiyo, ile ya kuuza korosho kwa magendo?

Mjomba Newala, 21:04
Mgonjwa hasubiri mnada.

Bamdogo Masasi, 21:08
Mjomba, kwa heshima yako. Wewe ndiye mjomba wa watoto, neno lako ni la mwisho. Ila mwaka ule jirani yangu alichukua hela ya kangomba, msimu ulipofika akapima gunia baada ya gunia, deni haliishi. Na serikali wakikukuta una kesi. Tuvumilie chama cha msingi, korosho ziende ghalani, zipigwe mnada kama za wenzetu.

Mjomba Newala, 21:09
Mnada wa kwanza ni Oktoba. Leo tupo Septemba. Hesabu mwenyewe.

Shangazi, 21:12
Jamani kuna babu huku anatoa mizizi, mtu wa Nachingwea alipona kabisa. Elfu hamsini tu.

Binamu Rukia, 21:14
Shangazi nakuomba. Kila wiki mama anawekewa dripu ya kemo, na dawa ile peke yake inazipa figo kazi ngumu. Ukimwongezea mizizi tusiyoijua tutamuua kwa mkono wetu. Mwaka mzima katibiwa "UTI" kwenye zahanati, anatoka damu na umri wake ule, hakuna aliyempima shingo ya kizazi. Inatosha kubahatisha.

Shangazi, 21:15
Sawa mwanangu. Nilisema tu.

Binamu Rukia, 21:16
Na dada Zai, Shadya ana miaka 12. Chanjo ya saratani hii ya shingo ya kizazi inatolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, siku hizi ni dozi moja tu. Mpeleke.

Dada Zainabu, 21:17
Shuleni walikuja, baba yake akakataa kusaini. Tumeshaongea. Wiki ijayo anachanja.

Bamdogo Masasi, 21:25
Mimi naona tiki za buluu za mtu wa Arusha tangu saa mbili. Hamisi, huyu ni mama yako wa kukuzaa.

Sele, 21:26
Bamdogo si hapa jamani

Bamdogo Masasi, 21:26
Hapa hapa.

Kaka Hamisi, 21:49
Shikamooni wakubwa. Sikutaka kusema. Gari tajiri kalichukua tangu Julai. Nafanya deiwaka, siku napata siku napiga miayo stendi. Nilikuwa naona aibu kutuma elfu tano pale panaandikwa laki.

Dada Zainabu, 21:51
Hamisi elfu tano ndiyo iliyobaki mkononi kwangu sasa hivi. Unaidharau ya nini?

Sele, 21:58
Naomba kusema kitu. Tukisema laki nne na themanini za bajaji ya siku 16 zilizobaki kila mtu anazima data. Ila mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa. Kila mtu achukue siku yake. Mwenye Jumanne anajua bajaji ya Jumanne ni yake, basi, nyingine hazimhusu.

Binamu Rukia, 22:00
Alhamisi yangu. Zimebaki tatu, nazimudu.

Kaka Hamisi, 22:01
Jumatatu nipe mimi. Kijiweni Jumamosi na Jumapili ndiyo nafuu. Nitakuwa natuma Jumapili usiku. Na ya kutolea.

Bamdogo Masasi, 22:03
Mimi na dada yangu, shangazi yenu, tunaungana Jumanne. Hamisi, nimekukosea. Tusameheane.

Kaka Hamisi, 22:03
Yameisha Bamdogo.

Dada Zainabu, 22:05
Ijumaa nne zilizobaki ni zetu, baba Shadya kakubali hapa. Ya kesho nakopa kwa mwenye genge. Jumatano je?

Sele, 22:06
Mimi hela sina ila Jumanne sina kipindi. Nitampeleka mimi, dada ufungue biashara yako.

Dada Zainabu, 22:30
Mama kaamka, kasikia yote, nilikuwa namsomea Shadya kwa sauti. Anataka kuongea.

Dada Zainabu, 22:32
🎤 Ujumbe wa sauti (0:58)

Kaka Hamisi, 22:36
Huku mtandao unakata, haifunguki. Kasemaje?

Dada Zainabu, 22:41
Kasema hivi: "Kaka, mikorosho ile marehemu aliipanda Hamisi akiwa mgongoni kwangu. Usimpe mtu korosho ambayo hata ua halijadondoka. Kama nitaondoka niondoke bila deni, na kama nitarudi nikute pa kuokota." Halafu kasema hizi ndizi na uji wa Dar vimemshinda, anataka ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Mjomba Newala, 22:52
Nimesikia sauti ya dada yangu. Yule kijana nitamwambia aende zake. Jumatano iandikwe jina langu.

Shangazi, 22:54
Ming'oko inapatikana sasa?

Mjomba Newala, 22:55
Kwa anayejua pa kuchimba.

*Ijumaa*

Mjomba Newala, 11:17
Barua imegongwa muhuri, safari hii umekolea. Mtendaji kaandika na namba yake ya simu.

Dada Zainabu, 11:40
Ahsante mjomba. Sisi tupo kwenye foleni, bado watu sita. Anakunywa maji ajaze kibofu. Kauliza leo ni siku ya nani, nikamwambia yangu. Kasema "kumbe ndiyo maana bajaji imechelewa."

Mjomba Newala, 15:33
Mzigo umepanda basi la jioni. Sele awe Rangi Tatu alfajiri, konda anao. Ni mfuko wa sulfeti umefungwa kamba ya katani. Nimeweka ming'oko, pilipili na ndimu.

Sele, 15:35
Na barua mjomba?

Mjomba Newala, 15:36
Barua ipo chini kabisa, ndani ya nailoni. Mkishamwaga ming'oko msitupe mfuko.