Naomba ushauri: kufunga TV kwenye ukuta wa tofali za kuchoma

Habari zenu wakuu. Nina TV ya inchi 55, uzito kama kilo 16, nataka kuifunga ukutani sebuleni. Ukuta ni wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, juu umepigwa lipu ya sentimita 2. Jana nimetoboa kwa biti ya milimita 8 nikaweka fisha za plastiki (vile vya kuingiza kwenye tundu ili skrubu ishike). Mbili zimeshika vizuri. Mbili zinazunguka tu nikikaza skrubu, na vumbi jekundu linamwagika. Nahisi zimeangukia kwenye maungio. Sijathubutu kuitundika, watoto wanacheza palepale chini.

Je, nitoboe upya katikati ya tofali na kuweka fisha ndefu zaidi? Na bolti za chuma zinazotanuka, hazitapasua tofali hizi laini?