Ushauri: Darasa la Tano wanasema gololi husimama kwa sababu "nguvu zimeisha"

Mleta mada

Ndugu walimu, ninaomba msaada wenu. Ninafundisha Sayansi na Teknolojia katika shule ya msingi ya kijijini, darasa lenye wanafunzi 82. Wamekwisha kukariri kwamba kani ni msukumo au mvuto, na ukiwauliza hujibu kwa sauti moja. Lakini nilipobingirisha gololi sakafuni na kuuliza kwa nini imesimama, karibu wote walisema kwamba nguvu nilizoitia zimeisha. Niliwaeleza habari za msuguano, yaani kani inayozuia mwendo pale vitu viwili vinapogusana, wakaandika, na siku ya pili wakanijibu vilevile. Sina maabara wala mizani ya springi ya kupimia kani. Nifanyeje ili waelewe?

Mkufunzi Mstaafu

Mwalimu, usiwaone wanafunzi wako kuwa wazito. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha jambo la karibu na hilo, kwamba kitu hakiendelei kwenda pasipo cha kukisukuma, na fikra hiyo ikadumu kwa karne nyingi hadi Galileo, mwanasayansi wa Italia, alipobingirisha tufe kwenye mbao zenye mteremko, na Newton, mwanasayansi wa Uingereza, akaiandika mwaka 1687 kanuni yake kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda hadi kani ikizuie. Kosa lililowashinda wasomi muda wote huo haliwezi kuondoka kwa kipindi kimoja cha dakika 40.

Ningekushauri uanze na swali, maelezo yafuate. Andaa njia tatu: mchanga mkavu, khanga iliyotandazwa, na sakafu ya saruji. Kabla ya kuachia gololi, kila mwanafunzi aandike itafika mbali zaidi wapi na kwa nini, kwa sababu mtoto aliyekwisha kujifunga kwa jibu lake huangalia kwa makini kuliko yule anayesubiri kuambiwa. Baada ya hapo waulize: kama gololi ilibeba kiasi fulani cha nguvu ndani yake, mbona kiasi kilekile kimeifikisha mbali kwenye saruji na karibu sana kwenye mchanga? Waache wabishane. Jibu la kwamba kuna kitu nje ya gololi kinachoizuia litoke kwao.

Mwalimu wa Lugha na Sayansi

Ninakubaliana na mzee hapo juu, ila ninadhani nusu ya tatizo imo katika maneno yetu. Nyumbani mtoto husikia "nguvu" kwa maana ya afya, ya chakula, ya mamlaka, hata ya betri ya redio, na nguvu hizo zote huisha. Tukimwambia kwamba kani ni nguvu, tumempa ruhusa ya kuamini kwamba nayo huisha. Mimi huwaambia kwamba kani si mali ya kitu kimoja: lazima pawepo kinachosukuma na kinachosukumwa, na mkono ukishaiachia gololi, kani ya mkono haipo tena. Kwa hiyo kila wanapotaja kani ninawataka waseme ni ya nini juu ya nini, kwa mfano "kani ya mchanga juu ya gololi". Sentensi hiyo inachosha mwanzoni, lakini inasaidia kuliko fasili yoyote ya daftarini.

Tena, tusiwakatize watoto kwa ukali, kwani wanachokiona kikipungua kipo kweli: ni nishati ya mwendo, ambayo msuguano huigeuza kuwa joto. Wasugue viganja vyao, watalihisi.

Mzazi na Mwalimu

Haya yote ni mazuri, lakini mtihani unauliza fasili, na darasa la watu 82 likigombania gololi hakuna kitakachosikika. Mimi ningefanya jaribio mara moja tu, mbele ya darasa, kisha niendelee na mada.

Mwalimu wa Lugha na Sayansi

Mara moja mbele ya darasa, walio nyuma hawataona kitu. Afadhali makundi ya watu wanane uwanjani. Gololi wanazo mifukoni.

Fundi wa Zana

Kuhusu mizani: kata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uuning'inize kando ya ubao, na ufunge chupa ya plastiki mwishoni. Mililita 100 za maji huvutwa chini kwa kani ya takriban nyutoni 1 (nyutoni ni kizio cha kupimia kani), hivyo ongeza maji kwa kiasi hicho na uweke alama kila mara. Usigawe nafasi kwa rula, kwa maana mpira haurefuki kwa usawa kama springi. Ukishamaliza, toa chupa, fungia ndoano ya waya, na wanafunzi wavute tofali dogo kwenye saruji na kwenye mchanga wakisoma alama.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru wote. Jana tulitoka nje kwa makundi. Makundi mengi yaliona gololi ikienda mbali zaidi kwenye saruji, lakini mawili yalipata kwamba khanga imeishinda saruji, na sasa wanashikilia kani, yaani ile ya ubishi, kwamba wenzao wamedanganya. Kila kundi lilisukuma gololi kwa mkono.

Mkufunzi Mstaafu

Marahaba, mwalimu. Hawakudanganya, mkono ndio uliotofautiana, kwani mtoto mmoja husukuma kwa hasira na mwingine kwa woga. Pasua mwanzi katikati, uuegemeze juu ya vitabu vitatu, na gololi iachiwe kutoka kwenye alama ileile bila kusukumwa. Kila njia ijaribiwe mara tatu, na waandike kipimo cha katikati. Yale makundi mawili yapewe nafasi ya kwanza kurudia.