Mafundi wa kanopi Tabora, acheni kutuuzia sanduku la mizigo mkiliita pa kulala

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kuna fundi bodi hapa Tabora mjini, yeye na gereji yake siwataji, amekula milioni 2.6 zangu ili anitengenezee kanopi ya kulala, yaani kibanda cha bati cha kufunika bodi ya nyuma, kwenye pikapu yangu ya Hilux singo kebini. Alichonipa nusura kimuue mtoto wa dada yangu.

Mimi nanunua asali na nta vijijini. Sikonge, Urambo, Kaliua, na mara nyingine navuka mto Malagarasi naingia Uvinza hadi Kigoma. Kambi za warina asali ziko ndani ya misitu ya miombo na huko hakuna gesti, jioni ikikukuta unalala hapo hapo. Bodi ya singo kebini ina mita mbili na ushee, mtu mzima ananyooka bila kukunja magoti. Weka godoro, funika kanopi, umepata pa kulala. Hema nililiacha kwa sababu ukiwa na pesa za kununulia mzigo, turubai halikulindi na mtu yeyote, na siafu wakiamua kupita unahama usiku wa manane.

Fundi nilimweleza yote tangu mwanzo, meseji ninazo. Nilimwandikia: kanopi ya kulala watu wawili, rangi nyeupe, madirisha mawili ya kuslaidi yenye wavu wa mbu, mpira kuzunguka bodi yote, kitasa kinachofunguka nje na ndani. Akajibu, "Bosi usijali, hiyo kazi ndogo." Akachukua nusu ya pesa siku ile ile.

Nianze na kitasa, maana ndicho kinachoninyima usingizi. Tulikuwa kambini upande wa Kaliua, mpwa wangu yuko likizo, nimemchukua anisaidie kupima. Yeye alitangulia kulala. Mimi nikabaki motoni na wazee tunapatana bei ya nta. Mlango wa kanopi unasimama kwa shokapu mbili. Moja ikalegea, mlango ukashuka wenyewe na ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake. Ndani hakuna kishikio. Hakuna hata waya wa kuvuta. Ni bati limepigwa rangi na vichwa vya boliti, basi. Madirisha alikuwa ameyafunga kwa ajili ya mbu, na yanafungwa kwa kibana kigumu ambacho gizani hukioni.

Tulichosikia ni bati linagongwa. Mzee mwenyeji wetu akauliza, "Nani huyo anagonga hivyo?" Nikakimbia na ufunguo mkononi, ukaingia lakini haukuzunguka, kwa kuwa mlango ulishuka upande na kitasa kikajipinda. Mtoto analia humo ndani, "Mjomba, sipati hewa." Yule mzee akaja na tezo anayochongea mizinga, tukang'oa bawaba. Kijana alitoka amelowa jasho, na kwenye vidole vyake damu inatoka pembeni ya kucha, alikuwa anakwaruza mshono wa mlango atafute pa kushika.

Sasa fikirieni ingekuwa moto. Fikirieni mtu ameingiza jiko la mkaa humo kwa sababu ya baridi, na nimewaona watu wanaofanya hivyo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inakumaliza usingizini, na kwenye kijisanduku cha bati kisicho na tundu la hewa haihitaji muda mrefu. Fundi anayefunga kanopi ya kulala bila kishikio cha ndani na bila tundu la hewa anajua anachofanya, au hana haki ya kuishika hiyo kazi.

Wavu hakuweka. Ati "utaweka mwenyewe baadaye." Jamani, mikoa yetu hii miwili, Tabora na Kigoma, imekuwa ikitajwa juu kabisa kwenye takwimu za malaria nchini, na mtu unamwachia achague kati ya kukosa hewa na kuumwa na mbu usiku kucha? Mita moja ya wavu ni bei gani?

Rangi nayo. Nilisema nyeupe, nikakuta buluu iliyoiva. "Ndiyo iliyokuwepo dukani." Anayefanya kazi huku porini anajua kwamba mitego ya mbung'o inatengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. Gari linalotembea nalo wanalifuata. Kwa hiyo nikipita karibu na pori la Ugalla mchana nafika na kundi zima limetanda kwenye kanopi yangu, na nikifungua mlango wanaingia kwenye godoro. Huyo ndiye mdudu wa malale, na ndiyo maana nyeupe niliitaka.

Mpira wa kuzunguka bodi hakuna. Amepaka silikoni, tena ile ya madirisha ya alumini, na mtikisiko wa barabara za vumbi ukaibandua yote. Kiangazi gari likitembea hewa ya nyuma inajizungusha na kuvuta vumbi kupitia pengo la mlango, godoro linageuka rangi ya udongo. Pengo hilo hilo linavuta na moshi wa ekzosi, kwa hiyo mtu hawezi kukaa nyuma gari likiwa linawaka. Mvua za Novemba zilipoanza tukiwa Uvinza, maji yaliingia upande wa kebini yakatulowesha miguu mpaka magotini. Hata bila mvua ni shida. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai bati linapoa, pumzi za watu wawili zinageuka matone ya maji juu ya paa kwa ndani, alfajiri yanakudondokea usoni. Plaiwudi nyembamba au kapeti ndani ya paa, na tundu mbili za hewa, ingetosha kupunguza.

Nilimrudishia gari. Alichosema, na sauti ninayo: "Bosi, kanopi zote ndivyo zilivyo, mizigo haifungui mlango." Mizigo! Meseji yangu ya kwanza kabisa imeandikwa *kulala watu wawili*. Halafu anataka niongeze laki tatu ili aweke kitasa nilichokwisha kumlipa. Tangu hapo simu hapokei.

Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 214. Ukimweleza muuzaji kitu unakitakia kazi gani, naye ndiye mwenye ujuzi unaoutegemea, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Nilimweleza kwa maandishi. Mwisho wa mwezi ukipita hajanirudishia pesa wala hajarekebisha, nabeba meseji, sauti na picha za vile vidole naenda Tume ya Ushindani, kisha mahakamani. Sitanii na sitachoka.

Wewe mwenye kanopi iliyotengenezwa gereji za hapa mjini, leo hii panda nyuma, mtu asimame nje na ufunguo, ufunge mlango, ujaribu kutoka mwenyewe. Kisha uje useme hapa umetokaje.

Na ndugu zangu wa Kigoma, nani anamjua fundi anayefunga kitasa cha pande mbili na mpira halisi wa kanopi? Kama yuko Mwanga au Ujiji nielekezeni, wiki ijayo nashuka huko na mzigo.