Mrihani wa kivulini kukosa harufu: je, ni mwanga?

Mwuliza swali: Ndugu wanajamvi, salaam. Ninalima mrihani na nanaa hapa Buswelu, Mwanza, kwa ajili ya kuuza hotelini. Mrihani ulio chini ya mwembe una majani mapana ya kupendeza, lakini mpishi analalamika kuwa haunukii, ilhali ule wa juani una majani madogo yenye harufu kali. Je, sababu ni mwanga?

Jibu la 1: Ndugu, kwa kiasi kikubwa ni mwanga. Mafuta yanayonukia hutengenezwa katika vijitezi vilivyo juu ya jani, na mmea huyaunda kutokana na sukari unayoipata kwa msaada wa jua. Ukiwa kivulini, hutanua majani na kuyafanya membamba ili kunasa mwanga kidogo uliopo, hivyo mafuta hupungua. Miale ya urujuanimno ya aina ya UV-B, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, nayo huchochea mafuta ya mrihani, na kwa kuwa kioo huizuia kwa sehemu kubwa, mche wa dirishani huwa na harufu hafifu.

Jibu la 2: Nanaa, kama nayo iko kivulini, iache palepale, kwani huvumilia kivuli chepesi. Huku karibu na ikweta mchana una urefu wa takribani saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kinachotunyima mwanga ni miti, kuta na mawingu.

Mwuliza swali: Ahsanteni. Mwembe ni wa jirani, siwezi kuukata.

Jibu la 1: Basi hamisha mrihani, umwagilie vizuri, na uvune asubuhi umande ukishakauka.