Mtoto wa miaka 2 na nusu hasemi: je, akikatwa utando wa ulimi atapona baada ya muda gani?

Mzazi Mpya: Wakuu, heshima kwenu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 2 na nusu, ambaye mpaka leo hasemi neno, ingawa anatembea, anakula na kucheza kama wenzake. Mama mkwe alimchungulia mdomoni akasema ulimi umefungwa na utando wa chini, na daktari tuliyemwona amekubali kuukata. Naomba waliopitia hali hii wanieleze kidonda hupona baada ya muda gani, na mtoto huanza kusema lini.

Tulizana: Mkuu, punguza presha. Mimi nilichelewa sana kusema, na leo mke wangu ananisihi ninyamaze.

Mama Pacha: Pole, ndugu yangu. Mmoja wa pacha wangu alishikwa na kigugumizi akiwa na miaka 3, akawa anakunja uso na kupiga mguu chini ili neno litoke. Tuliacha kummalizia maneno, tukazungumza naye taratibu, na kikaisha chenyewe, ingawa najua wapo wanaohitaji tiba. Wewe anza kwa kuzima televisheni, maana wazazi wa siku hizi tumewaachia skrini kazi ya kulea.

Nesi Mstaafu: Mleta uzi, kidonda kinaweza kusubiri. Utando mfupi huweza kumsumbua mtoto anaponyonya, na pengine kuharibu baadhi ya matamshi, lakini haumfanyi mtoto akae kimya. Sauti za m, b na p hutoka midomoni, kwa hiyo hata mwenye ulimi uliofungwa ataita mama na baba. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huwa na maneno yapatayo 50 na ameanza kuunganisha mawili mawili. Naomba unijibu maswali matatu: amepimwa masikio? Huonyesha vitu kwa kidole? Aliwahi kusema kisha akaacha?

Mzazi Mpya: Masikio hayana shida, dada, kwa sababu nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Kidole hatumii, akitaka maji huushika mkono wangu na kuuweka juu ya kikombe, jambo ambalo mimi naliona ni akili. Isitoshe, sehemu ya gharama tumeshalipa.

Nesi Mstaafu: Swali la tatu hujalijibu.

Mzazi Mpya: Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi alikuwa akisema mama, maji, paka na taa, kisha maneno yakapotea moja baada ya jingine. Sikuliandika hilo kwa sababu kila ninapolitaja watu hukimbilia usonji, na mama yake hulia.

Kichwa Ngumu: Wakuu, nanusa chai hapa. Asubuhi mtoto hasemi neno, jioni alikuwa na manne. Huo ni utando gani uliomwachia aseme maji kisha ukambana? Nyuzi za namna hii hutungwa na wenye kliniki wanaotafuta wateja.

Tulizana: Kama ni chai, basi haina sukari.

Mzazi Mpya: Niliandika kwamba hasemi, sikuandika kwamba hajawahi kusema. Asiyeamini apite.

Nesi Mstaafu: Iwe chai au kweli, Kichwa Ngumu ameuliza swali ambalo daktari wa upasuaji alipaswa kuuliza. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, awe na umri wowote, hasubiriwi. Anapelekwa kwa daktari wa watoto akachunguzwe ukuaji wake wote, na huko kuushika mkono wako badala ya kuonyesha kwa kidole kutajwe bila kufichwa. Pakiti ya biskuti nayo haithibitishi usikivu, kwa kuwa mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio husikia baadhi ya sauti na kuzikosa nyingine. Kipimo cha masikio hufanyika hata akiwa amelala. Tiba ya usemi pia haingoji jina la ugonjwa: fuateni anachokitazama, kitajeni kwa neno moja, kisha nyamazeni kidogo ili apate nafasi yake.

Mama Pacha: Na televisheni izimwe.

Mzazi Mpya: Nimeomba miadi ya masikio na ya daktari wa watoto. Upasuaji sijaufuta, nimeusogeza tu, kwa sababu fedha hairudishwi na mama mkwe hajaridhika. Nyumbani tunazungumza lugha mbili. Je, tuache moja?

Nesi Mstaafu: Msiache. Lugha mbili hazimfanyi mtoto apoteze maneno. Siku ya miadi chukueni video za wakati alipokuwa akisema, pamoja na mpya mtakayorekodi anapokushika mkono, kwa sababu chumbani kwa daktari huenda asifanye lolote kati ya hayo.