Kachoma bisbisi ekzosi yangu, na mama mkwe ameketi ndani!

Dereva wa Barani

Jamani wana-Malindi, leo silali. Nimeingia nyumbani sasa hivi, jasho halijakauka, mikono yanitetemeka, naandika kabla sijarukwa na akili.

Mwamjua nyote. Simtaji. Yule fundi wa chini ya mwembe, wa kofia ya kijani, anayepiga mluzi na pikipiki ya mwenzio iko chini vipande vipande. Asubuhi nimempakia mama mkwe, twenda harusini Mambrui. Kavaa buibui jipya, udi wanukia barabara nzima. Nikasimama steji kujaza upepo. Upepo tu! Tairi la nyuma. Yeye sikumwita, sikumsalimu, hata jicho sikumtupia. Kaja na mluzi wake, kainama nyuma ya tuktuk, katizama ekzosi, lile bomba la moshi, katoa bisbisi mfukoni, KACHOMA. Ikaingia mpaka mpini. Mpaka mpini, jamani! Kama achoma papai.

Halafu kaichomoa, kapuliza ncha, kasema kwa sauti ya mnadi wa samaki: "Mama, shuka. Huyu akubeba na kichujio cha chai."

Steji nzima ikalala chini kwa kicheko. Mpaka yule mzee wa kahawa, mzee ambaye hajacheka tangu Vasco da Gama atie nanga hapa 1498, kaweka birika chini akacheka. Na mama mkwe naye kacheka. Kashika mtandio mdomoni, mabega yamtikisika, kashuka, kapanda tuktuk nyingine. Mambrui sikufika.

Ekzosi ile nimeitengeneza mwenyewe uani kwangu, siku 3. Siku ya kwanza yote niko na nati zilizoshikana kwa kutu, moja ikakatika. Siku ya pili nikakata kiraka kwenye ubavu wa jokofu kuukuu, nikaparuza rangi yote mpaka chuma kikang'aa, nikakikunja juu ya bomba la maji kipate mviringo. Siku ya tatu nikaazima mashine ya kuchomelea kwa jirani. Bati jembamba vile ukilisimamia na moto sekunde mbili tu lafunguka shimo, basi nikawa nagusa nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, nangoja lipoe, narudi. Nukta, nukta, nukta, mpaka saa 5 usiku. Ikatulia. Mtoto wangu kalala na injini yawaka, hakushtuka.

Siku 3! Yeye kwa sekunde moja kachoma bisbisi. Nani alimwita? Nani alimwambia achome bisbisi? Mtu akikuonyesha kanzu aliyoshona, wewe waitia mkasi uone kama inakatika?

Mkia wa Taa

Kichujio cha chai! Wallahi nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Kaka, pole, lakini hilo jina halitakutoka. Kesho steji utaitwa Kichujio.

Pweza Mkavu

Ni yule aliyekuwa Kisumu Ndogo zamani?

Binti Shela

Siye. Wa Kisumu Ndogo alihamia Watamu. Huyu ni yule aliyemrudishia kaka yangu pikipiki na boliti tatu mkononi, ati "hizi zimezidi".

Pweza Mkavu

Aaa! Huyo! Zimezidi! Mimi aliniambia hivyo hivyo, siku ya tatu gurudumu likanipita barabarani.

Fundi Mstaafu wa Maweni

Dereva, punguza moto nikuulize neno moja. Bisbisi aliichoma kwenye kiraka au kando?

Dereva wa Barani

Kando! Vidole viwili kutoka kwenye kiraka. Kiraka changu hakikutikisika hata chembe! Ndiyo maana naumia. Angechoma kiraka angevunja bisbisi yake.

Fundi Mstaafu wa Maweni

Basi mwanangu, kiraka ni kizima na ekzosi ni mbovu. Umeshonea kitambaa kipya kwenye kanga iliyooza. Ekzosi yaliwa kutoka ndani. Petroli ikiungua hutoa maji, lita moja ya petroli karibu lita moja ya maji, yatoka kama mvuke. Tuktuk za safari fupifupi kama zetu, Barani mjini, mjini Barani, bomba halipati moto wa kutosha kuukausha, maji yatuama chini ya sailensa, lile pipa la kupunguza kelele. Nje nako chumvi ya bahari. Shimo uliloliona ni lile lililotangulia tu, mengine yako njiani.

Kabla ya kuchomelea, gonga kwa nyundo ndogo pande zote. Chuma kizima chalia ngii, kilichooza chasema pu. Kata chote kinachosema pu mpaka ufike kwenye uzima, ndipo upime kiraka. Na bisbisi ndiyo dawa yake ya kupimia, mafundi wote twachoma. Ila huchoma kabla ya kazi, na humwomba mwenyewe. Hapo kakosa adabu.

Rodi ya kuchomelea ulitumia ya milimita ngapi?

Dereva wa Barani

2.5. Ndizo alizokuwa nazo jirani. Nikashusha moto mpaka rodi ikawa yanata.

Fundi Mstaafu wa Maweni

Nene hiyo kwa bati la milimita moja na kitu. Tafuta 1.6, ukikosa chukua 2.0, ampea 40 hivi. Na nyuma ya bati shikiza kipande cha shaba nyekundu. Shaba yanyonya moto na chuma hakigandi kwayo, shimo halifunguki ovyo. Kukiwa na ufa, toboa kitundu kidogo kwenye kila ncha ya ufa kwanza, la sivyo utaziba leo na kesho ufa utaendelea mbele kwa mtikisiko.

Mkono Mtupu

Kazi yote hiyo ya nini? Kopo la maziwa, lipasue, lizungushe, vibano viwili, kwisha. Langu lina miaka 2.

Bati Geji 30

Kopo la maziwa lina bati, yaani tini, la kupakwa juu, layeyuka kwenye nyuzi 232, ekzosi yapita hapo bila kuhema. Mwezi mmoja ni kutu tupu. Miaka 2 yako ni ya kuegesha.

Mkono Mtupu

Njoo uione! Yuko mtu hapa hata tuktuk hana, yuaja kunihesabia miaka.

Bati Geji 30

Na mwingine asije akakata bati la paa. Mimi nilichomelea bati la paa, lile la zinki, chumba kimefungwa kwa sababu ya upepo. Usiku homa, baridi, meno yagongana, nikadhani malaria. Moshi wa ile zinki. Wakaniambia ninywe maziwa. Maziwa yaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, yatakutana wapi? Ni kuiparuza zinki yote kabla, na kufanya kazi nje penye hewa.

Dereva wa Barani

Ndugu zangu, narudi kwenye jambo langu. Sikatai ya rodi. Sikatai ya kugonga. Lakini MBELE YA MAMA MKWE. Angenivuta pembeni akaninong'oneza, ningemnunulia kahawa na kaimati. Yeye kachoma bisbisi na kumwambia mama ashuke!

Mama Kaimati

Na mimi namuunga mkono aliyemwambia ashuke. Mnisamehe. Nyinyi wenye tuktuk mwaketi mbele upepo wawapiga, sisi nyuma twavuta huo moshi. Mwezi uliopita nimetoka Gede na mtoto, nafika kichwa chaniuma, mtoto atapika, nikadhani ni jua. Kumbe bomba limetoboka chini ya kiti. Dereva nilipomwambia kaongeza sauti ya redio.

Fundi Mstaafu wa Maweni

Hilo ndilo kubwa, mama. Ule unaoonekana mweusi si mbaya kama usioonekana. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Mkishusha maturubai ya pembeni wakati wa mvua, nayo ekzosi imetoboka, mwaketi ndani yake.

Binti Shela

Na kelele je? Kuna tuktuk yapita dirishani kwangu saa 10 alfajiri kama trekta lililomeza radi. Kila siku. Mtoto ana miezi 4.

Mkia wa Taa

Huyo ni Kichujio.

Dereva wa Barani

Si mimi! Mimi ekzosi yangu ilitulia! Nimesema ilitulia mpaka mtu akachoma bisbisi!

Nahodha wa Amu

Nyinyi mna raha, mwalilia tuktuk. Tuktuk ikiharibika washuka, waenda kwa miguu. Huku Amu ekzosi ya mashua yapita kando ya mbao, bomba likitoboka mbao yaanza kuungua na wewe uko katikati ya mkondo. Nilimpa fundi bomba langu na pesa, akavuka nalo Mokowe ati kuna mashine nzuri. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Bomba sijaliona, pesa sijaziona, na fundi namwona kila Ijumaa safu ya mbele. Twatoa salamu, kulia, kushoto, nikigeuka keshatoka.

Pweza Mkavu

Safu ya mbele! Subhanallah. Huyo afaa asubiriwe kwenye viatu.

Nahodha wa Amu

Nilisubiri kwenye viatu. Alikuja pekupeku.

Binti Shela

Wa kwenu ana haya, atoroka. Cherahani yangu iko kwa mtu tangu mwaka jana, nikipita aniuliza mimi, "vipi, ile cherahani yako ilipona?"

Mama Kaimati

Nami nina karai kwa mmoja wao. Karai langu la kaimati, la mamangu, lilikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama. Nikampa azibe. Kalitia moto wake wa kuchomelea chuma, tundu la mtama likawa la nazi. Kanirudishia limefungwa kwenye gazeti, kakimbia. Nimelifungua mbele ya wateja.

Dereva wa Barani

Waona! Mbele ya watu! Ni tabia yao! Kama mimi na bisbisi

Fundi Mstaafu wa Maweni

Mama, karai hilo ni la chuma au la aluminiamu?

Mama Kaimati

La aluminiamu, lile zito la zamani.

Fundi Mstaafu wa Maweni

Ndiyo maana. Aluminiamu haibadiliki rangi ikipata moto, fundi angoja iwe nyekundu, yenyewe haiwi nyekundu, yamwagika tu. Yayeyuka kwenye nyuzi 660, chuma chapita 1,500. Tundu la mtama lilitaka ribiti moja ya aluminiamu na nyundo, basi. La nazi sasa ni kazi, lakini usilitupe. Kingo zimebaki?

Mama Kaimati

Zimebaki, na vishikio vyote viwili.

Nahodha wa Amu

Mzee, na birika la shaba?