Nyumba za kale za Dar: zibaki au zipishe maghorofa?

Wadau, kila mabati yanapozungushwa kwenye nyumba ya zamani katikati ya Dar, maneno ni yaleyale: jiji linakua, magofu ya Wajerumani na Wahindi ya nini? Mimi napinga kubomoa, ila si kwa sababu nyumba zenyewe ni nzuri. Nyingine mbaya kweli.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Boma la Kale pale Sokoine Drive, mojawapo ya majengo makongwe kabisa mjini, ni la 1866 na 1867. Kwa hiyo karibu jiji zima limeachwa nje, mpaka waziri atangaze jengo mojamoja kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo linasubiriwa, mwekezaji kibali anacho. Jengo la zamani la Salamander, Mtaa wa Samora, tumebaki na jina tu, wamelibandika kwenye ghorofa lililopanda hapohapo.

Na kutangaza peke yake hakutoshi. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, imo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, urithi wa dunia tangu 2000, na bado sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Shida ni pesa. Pita Mtaa wa Jamhuri au Kisutu, inua macho juu ya fremu za maduka: mwaka wa ujenzi umefinyangwa kwenye plasta, chini yake viyoyozi vinachuruzika, mti umeota kwenye ufa wa roshani. Nyumba nyingi za kupangisha za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa 1971, zikaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba. Mpangaji apake rangi nyumba ya nani? Na mwenye mali ana haraka gani ya kuziba ufa wakati kinachouzika ni kiwanja?

Kariakoo ndiyo usiseme. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma, imerithiwa na ndugu kibao. Wakiuza kwa mjenga ghorofa siwalaumu hata kidogo.

Wanaosema jipya ndiyo salama, ghorofa lile la Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka 2013 lilikuwa bado linajengwa. Likaua watu 36.

Pendekezo langu: mwenye nyumba iliyotangazwa aruhusiwe kuuza zile ghorofa alizokatazwa kujenga, mnunuzi aziongeze kwenye kiwanja chake sehemu nyingine. Mumbai wanafanya hivyo. Najua ghorofa hizo zikihamia Upanga, wa huko watapiga kelele, maana maegesho yamewashinda tayari, na kelele zao zina haki. Lakini anayepinga aniambie: nyumba ikizuiwa kubomolewa, hasara ya mwenyewe ailipe nani?